Herufi Zaenda Wapi? Historia Fupi ya Dirisha Linalosikia

Ndugu wahitimu wenzangu, na ninyi vijana mnaokalia madawati yetu ya zamani,

Mhariri aliponitaka niandike jambo la historia, nadhani alitazamia habari za Wakilindi wa Vugha, au za Wajerumani na Wilhelmstal yao, ambayo ndiyo Lushoto ya leo. Mambo hayo yamekwisha andikwa na watu wayajuayo kuliko mimi. Mimi kazi yangu imekuwa kufundisha upigaji chapa na uhazili kwa zaidi ya miaka 30, kwanza kwa taipureta, halafu kwa kompyuta, na historia niliyo nayo ni ya chombo tu. Hata hivyo ni historia iliyogusa riziki za watu, na mmoja wao nitamtaja hapa chini bila ya kumtaja jina.

Swali lenyewe ni hili. Juu ya kioo cha kompyuta yamefunguliwa madirisha matatu: moja la barua, moja la hesabu, na moja la intaneti. Kibodi ni moja tu. (Wataalamu wetu wa lugha waliiita baobonye, jina zuri, lakini sijapata kusikia mtu akiliagiza dukani.) Sasa ukibonyeza herufi A, ni dirisha lipi litakaloipokea? Na nani aliyeamua hivyo: wewe, mashine, au mtu aliyeitunga programu huko ng'ambo?

Kwa taipureta swali hili halikuwapo. Sisi tuliosoma hapa toka 1971 hadi 1974 tunaikumbuka ile taipureta nzito ya ofisi ya shule, ambayo karani aliitumia kukata stensili za mitihani, na sauti yake ilisikika hadi uwanjani asubuhi za ukungu. Nyundo za herufi hupiga mahali pamoja, nayo karatasi husogea. Karatasi iliyomo ndiyo iandikwayo, hakuna nyingine. Ukitaka kuandika barua ya pili, sharti uichomoe ya kwanza kwa mikono yako mwenyewe.

Kwa sababu hiyo wapiga chapa walifundishwa kutotazama. Katika Chuo cha Uhazili Tabora, na katika vyuo vidogo vidogo vilivyofuata mtindo wake, sifa ya mhazili ilikuwa macho yake kubaki kwenye mswada uliowekwa ubavuni, vidole vikijiendea vyenyewe kuanzia A S D F. Mwalimu alipita nyuma akiwa na rula. Anayechungulia vitufe aliambiwa hajaiva, na anayechungulia karatasi kila mara aliambiwa haaminí vidole vyake. Imani ile ilikuwa na msingi: herufi haikuwa na mahali pengine pa kwenda. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, maana ndilo lililokuja kuwaponza walio hodari.

Madirisha yalianza Marekani. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu kompyuta inayoongozwa kwa kipanya, na kioo chake kiliweza kugawanywa ili kuonyesha mambo zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Miaka michache baadaye, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, ilitengenezwa kompyuta iitwayo Alto, mwaka 1973, na kundi la Alan Kay likaandika juu yake mfumo wa Smalltalk. Humo ndimo madirisha yalipoanza kulaliana kama makaratasi juu ya meza ya mwalimu mkuu: la juu likifunika sehemu ya la chini.

Hapo hapo ndipo swali lilipozaliwa. Makaratasi kumi yako mezani, na kalamu ni moja.

Alikuwapo huko mtu aitwaye Larry Tesler, ambaye mimi humpenda kuliko wote hao. Alichukia jambo moja tu maisha yake yote, yaani mashine yenye hali za kujificha, ambamo kitufe kilekile leo hufanya hivi na kesho hufanya vile kwa kutegemea jambo usiloliona. Hata kibao cha namba cha gari lake kiliandikwa maneno ya kukataa hali hizo. Tunamshukuru yeye kwa kukata na kubandika maandishi, kazi tuifanyayo kila siku bila ya kujua ilitoka kwa nani. Alifariki mwaka 2020. Lakini tazameni: dirisha linalosikia nalo ni hali ya aina hiyohiyo. Herufi A ni ileile, ila matokeo yake hutegemea ni dirisha lipi lililo macho wakati huo. Hali hii haikuweza kuondolewa. Ilibaki kuamuliwa tu ni nani aishike.

Majibu yalikuwa mawili makubwa, na ugomvi wake haujaisha hadi leo.

Jibu la kwanza ni la kubofya. Kule kwetu, kuanzia Mtae hadi Mlalo, mtu aliye upande mmoja wa bonde akitaka kusema na mwenzake wa ng'ambo haanzi na habari. Huita jina kwanza, hungoja aitikiwe, ndipo aseme. Kubofya dirisha ni kuliita jina. Likiitikia huja mbele, na ule ukanda wake wa juu hubadilika sura ili ujue kwamba sasa linasikia. Kompyuta ya Macintosh, iliyotolewa Januari 1984, ilifuata njia hii, na dirisha lililo macho lilionyeshwa kwa mistari midogo katika ukanda wake wa juu, hali mengine yakibaki meupe.

Macintosh ilikuwa na sababu nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Menyu yake imekaa juu kabisa ya kioo, moja tu kwa programu zote, na hubadilika kwa kufuata programu iliyo macho. Ingekuwa dirisha huamka kwa kupitiwa tu na kishale, basi ungekitoa kishale kwenye barua yako kwenda juu kuchagua menyu, njiani ukapita juu ya dirisha la hesabu, na kabla hujafika menyu ingekuwa imekwisha geuka kuwa ya hesabu. Ni sawa na mtu anayekwenda Tanga kwa basi, kisha kila kituo anachopita kikamfanya mkazi wake.

Jibu la pili ni la kuelekea. Mwaka huohuo wa 1984, katika chuo cha MIT, Bob Scheifler na Jim Gettys walianza mfumo wa madirisha wa kompyuta za Unix. Waliuita X kwa sababu tu ulitokana na mfumo uliotangulia ulioitwa W. Watungaji wake walishika msimamo kwamba kazi yao ni kutoa vyombo na si kutoa amri, kwa hiyo namna ya kuchagua dirisha waliiacha mikononi mwa programu nyingine, na mwishowe mikononi mwa mtumiaji mwenyewe. Watumiaji wengi wa X walizoea njia ambayo dirisha lililo chini ya kishale ndilo lisikialo, bila ya kubofya. Unageukia mtu, unasema. Hakuna kuita jina.

Asiyepata kuitumia njia hii huiona ya kiwazimu, na ubaya wake ni wa kweli: ukikigusa kipanya kwa kiwiko, sentensi huanzia barua na kumalizikia katika hesabu. Lakini faida yake ni kubwa kwa mtu anayenakili au kufasiri. Yeye ana matini ya asili katika dirisha la juu, naye aandika katika dirisha la chini ambalo limefunikwa nusu. Kwa njia ya kubofya, aghalabu dirisha huamka na kuja mbele kwa pamoja, hata likakifunika kile ulichokuwa ukikisoma. Kwa njia ya kuelekea, dirisha laweza kusikia huku limebaki nyuma. Kusikia ni jambo moja na kuwa mbele ni jambo jingine. Njia ya kubofya iliyafunga pamoja, na wengi wetu tukadhani ni kitu kimoja.

Hata ndani ya kubofya kwenyewe kulikuwa na tofauti. Unapobofya kitufe kilichomo katika dirisha lililolala, je, mbofyo huo huliamsha dirisha tu, au huliamsha na kukibonyeza kitufe? Katika Macintosh kwa kawaida mbofyo wa kwanza ulikuwa wa kuamsha tu. Katika Windows ya kampuni ya Microsoft, mbofyo mmoja hufanya yote mawili. Mtu aliyehama kutoka mashine moja kwenda nyingine alijikuta ama anabofya mara mbili bure, ama amefanya jambo asilolikusudia. Windows ya kwanza, ya Novemba 1985, haikuruhusu hata madirisha ya programu kulaliana. Yalipangwa ubavu kwa ubavu kama matuta ya mboga za Lushoto. Kulaliana kulikuja baadaye, na ilipotoka Windows 95, Agosti 1995, njia ya kubofya ilikuwa imekwisha kuwa sheria kwa sehemu kubwa ya dunia.

Sisi tulikuwa wapi wakati huo wote? Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa Hazina mwaka 1965. Ilikuwa mashine ya hesabu za serikali, isiyokuwa na dirisha wala kipanya. Mwaka 1974, mwaka ambao sisi tulikuwa kidato cha nne na hatujapata hata kuisikia kompyuta, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Hazina ilikwisha kuonja taabu ya mashine zile, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Mimi sioni kuwa uamuzi ule ulikuwa wa kijinga, kama vijana wengine wasemavyo siku hizi. Nchi iliyokuwa ikihesabu kila shilingi ya mafuta ilikuwa na haki ya kuuliza mashine hizi ni za nini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kituo chake cha kompyuta mwaka 1979, na vibali maalumu vilitolewa hapa na pale, lakini mlango mkubwa haukufunguliwa mpaka miaka ya 1990.

Zipimeni tarehe hizo. Macintosh ni ya 1984, X ni ya 1984, Windows ni ya 1985. Ugomvi mzima wa nani aamue herufi ziende wapi ulipiganwa sisi tukiwa nje ya mlango. Ulipofunguliwa, kompyuta zilizoingia maofisini zilikuwa na jibu moja tayari tumboni mwake, nasi tukalipokea kama tulivyopokea kwamba mwaka una miezi 12. Hakuna aliyetuambia kwamba palikuwa na hiari.

Sasa nifike kwa yule mtu niliyemwahidi. Mwaka 1997 niliitwa katika ofisi moja mjini Tanga kuwafundisha makarani kompyuta. Miongoni mwao alikuwapo mama mmoja wa huku kwetu milimani, mhazili wa miaka mingi, mwenye vidole vya ajabu. Sijapata kuona mtu apigaye chapa kwa kasi na usafi kama wake. Nilipofika nilimkuta ana barua ya onyo. Mara mbili alikuwa amepoteza kumbukumbu za mkutano, na mkuu wake alikuwa ameandika kwamba hamudu vifaa vya kisasa. Makarani wawili vijana, waliopiga chapa kwa vidole viwili huku wakitazama kioo, hawakuwa wamepoteza hata ukurasa.

Nilikaa kando yake siku nzima. Saa tano hivi nikaona. Alikuwa akipiga chapa, macho yapo kwenye mswada, kama alivyofundishwa. Katikati ya sentensi kikajitokeza kisanduku kutoka programu nyingine, kikiuliza kama mashine izimwe na kuwashwa upya sasa hivi. Kisanduku kile hakikuitwa na mtu. Kilijileta chenyewe mbele na kujitwalia kibodi. Yeye hakukiona. Herufi zake tano au sita zilimezwa na hewa, halafu akabonyeza kitufe kirefu cha kuacha nafasi kati ya maneno. Kumbe katika visanduku vya namna ile, kitufe hicho ni sawa na kukubali. Mashine ikazimika na kurasa mbili zikaenda nayo.

Mama yule akaondoa mikono yake juu ya kibodi, akaiweka mapajani. Akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, hivi mashine hii ina masikio mangapi?"

Wale vijana waliponea kwa sababu ya uzembe wao wa kutazama kioo. Yeye aliponzwa na umahiri wake. Nilimwomba mkuu wa ofisi akae mwenyewe, apige chapa huku akisoma karatasi ya pembeni, nami nikakingoja kisanduku. Kilikuja baada ya dakika 20 hivi, naye akapotewa na maandishi yake vilevile. Aliguna, akaagiza ile programu iondolewe katika mashine zote. Barua ya onyo lakini ilibaki ndani ya faili, na mama yule alistaafu ikiwa humo.

Hili ndilo jibu la tatu, ambalo hakuna aliyelitangaza kuwa jibu: programu yenyewe kuamua kwamba sasa inasikilizwa yeye. Watengenezaji walilijua tatizo. Kuanzia Windows 98, Microsoft iliweka masharti kwamba programu iliyo nyuma isijitwalie kibodi ovyo wakati mtu anafanya kazi kwingine. Badala yake jina lake limulikemulike kwenye ukanda wa chini mpaka mwenyewe atakapopenda kulibofya. Katika Linux nako ziliwekwa kinga za namna hiyo. Hazikuzuia yote. Kila aliyeandika siku hizi anajua bado kuna visanduku vinavyojipenyeza.

Na si suala la kurasa kupotea tu. Neno la siri nalo ni herufi, na huenda kwa dirisha lisikialo. Programu yenye hila ikichora kisanduku kinachofanana na kile cha kuingilia, utaiandikia siri yako mwenyewe. Ndiyo maana Windows NT ya mwaka 1993 ilimtaka mtu abonyeze Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja kabla ya kuandika neno la siri, kwa kuwa mbonyezo huo hupokelewa na mfumo wenyewe, na programu ya kawaida haiwezi kuudaka. Wanafunzi wangu waliudhani kuwa ni mzaha wa Wazungu wa kuchosha vidole.

Kwa upande wa lugha tulifanya kazi si haba. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi ulioitwa Kilinux na kwa ushirikiano na Wasweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya maofisi iliyo katika Kiswahili. Dirisha, menyu na faili vilikuwa na majina. Lakini hali hii ya dirisha kusikia, ambayo wageni huiita fokasi, bado naona haijapata neno lililokaa midomoni mwa watu. Mimi darasani nilisema "dirisha linalosikia", na kwa watoto wa milimani lilieleweka mara moja.

Ninyi vijana mmekulia kwenye simu, ambako mambo yamegeuzwa tena. Kioo ni kidogo na kwa kawaida programu moja hukijaza chote. Kibodi haipo mpaka uguse mahali pa kuandikia, ndipo ichomoze kutoka chini. Hapo huna haja ya kujiuliza nani anasikia, kwa kuwa kibodi yenyewe hutokea pamoja na msikilizaji wake. Naliona hili kuwa jibu safi kuliko yote mawili ya 1984, ila tu halifai kwa anayetaka kazi tatu mbele yake kwa wakati mmoja. Mkiingia kwenye maabara ya kompyuta, na wanafunzi watatu mkikalia mashine moja, mtakutana na swali la zamani, tena likiwa limeongezewa jingine: ni nani kati yenu mwenye kibodi.

Kwa atakayetaka kuijaribu njia ya kuelekea, haina gharama. Katika Windows, fungua paneli ya kudhibiti, sehemu ya kurahisisha matumizi, kwenye mipangilio ya kipanya; ipo alama ya kuwezesha dirisha liamke kwa kusimamiwa na kishale. Katika mifumo mingi ya Linux hiari hiyo imo ndani ya mipangilio ya madirisha. Jipeni wiki moja kabla ya kutoa hukumu, na kipanya kiwekwe mbali na kiwiko.

Kama yupo mhitimu mwenzetu aliyefanya kazi na zile mashine za Hazina kabla ya 1974, au aliyeshuhudia kompyuta ya kwanza ikipandishwa mlima kutoka Mombo kupitia Soni kuja Lushoto, namwomba amwandikie Mhariri. Ningependa sana kujua ilifika mwaka gani, ilipelekwa ofisi ipi, na ni nani aliyekuwa wa kwanza kuambiwa aiache taipureta yake.